Tamthilia tano za zamani za Uingereza: uanze na ipi, urudie ipi

Ami yangu alirudi Tanga kutoka Leicester mwaka 1996 na masanduku matatu: moja la nguo, mawili ya mikanda ya video. Nguo zilikwisha kugawiwa kabla ya Ijumaa. Mikanda ilihamia kwa shangazi, juu ya kabati la vyombo, na kila usiku baada ya isha tulishusha mmoja, tukausukuma ndani ya deki, tukakaa. Kiingereza alikuwa nacho ami, lakini ami hakuwa mtu wa kukaa nyumbani usiku. Kwa hiyo dijei nilikuwa mimi, mwanafunzi wa kidato cha pili, nikimtafsiria shangazi maneno ya watawala wa Roma kwa Kiswahili cha Ngamiani.

Usiku mmoja tulikuwa katikati ya I, Claudius. Mzee Augustus amekwisha kukata roho. Mkewe, Livia, anakutana na mwanawe Tiberius, wanaongea mambo ya utawala, halafu, kama mtu aliyekumbuka kuwa hakufunga dirisha, anamwambia asiguse tini. Nikatafsiri. Shangazi akauliza, "Tini zina nini?" Nikamwambia sijui, ndivyo alivyosema. Akanyamaza. Kisha akasema, "Rudisha nyuma, mwanangu. Rudisha mpaka mzee alipokuwa mzima anakula. Nilikuwa namtazama mume, kumbe wa kutazamwa ni mke."

Ndipo nilipojifunza kurudia. Mpaka leo kipimo changu cha tamthilia ya kihistoria ni kile cha shangazi: mara ya pili, jicho linahamia kwa nani? Kuna tamthilia ambazo jicho halihami. Ukishajua nani kamuoa nani, zimekwisha. Na kuna ambazo mara ya pili unaona mtu aliyekuwepo muda wote pembeni ya picha, na hadithi nzima inageuka.

Wanaomaliza Downton Abbey, ile tamthilia ya jumba la matajiri na watumishi wao, huniuliza waende wapi. Nimekuwa nikiwajibu kwa ujumbe mfupi mfupi, sasa nawaandikia kwa urefu. Nimechagua tano, na zote nimezirudia karibuni: Elizabeth R (BBC, 1971, sehemu 6), Upstairs, Downstairs (London Weekend Television, 1971 hadi 1975, sehemu 68), I, Claudius (BBC, 1976, sehemu 12, ingawa ya kwanza ni ndefu maradufu na kwingine imekatwa mbili ikawa 13), The Flame Trees of Thika (Thames Television, 1981, sehemu 7), na The Jewel in the Crown (Granada, 1984, sehemu 14).

Kuna watu watanilaumu kwa kuiacha Brideshead Revisited ya 1981. Ni nzuri, Jeremy Irons ana sauti ya kumlaza mtoto, na jumba la Castle Howard linapendeza kila linapoonekana. Lakini mimi nikiirudia, jicho huenda kwa jumba lile lile. The Forsyte Saga ya 1967 nayo, sehemu 26 za rangi nyeusi na nyeupe, nawaachia wenye subira kunishinda.

Kwanza picha yenyewe

Usiruke hapa, maana wengi huacha kutazama dakika ya kumi kwa sababu ya picha, si ya hadithi.

Tatu za mwanzo zilirekodiwa studio kwa mkanda wa video, kamera kadhaa zikifanya kazi kwa pamoja. Mwanga ni ule ule kila pembe, ukuta ni wa mbao na rangi, mlango ukibamizwa unaweza kuona ukuta ukipumua. Katika Upstairs, Downstairs mtu akitoka nje barabarani, picha inabadilika ghafla, inakuwa laini na yenye chengachenga, kwa sababu nje walitumia filamu. Si kifaa chako kimeharibika. Sehemu za mwanzo kabisa ni nyeusi na nyeupe, nayo ina sababu: mafundi wa ITV, mtandao wa TV uliorusha tamthilia hiyo, walikuwa na mgomo kuhusu malipo ya kazi ya rangi, mwishoni mwa 1970 na mwanzoni mwa 1971, wakakataa kurekodi kwa rangi. Ulipokwisha, sehemu ya kwanza ilirudiwa kwa rangi, ndiyo maana kuna matoleo mawili yake.

I, Claudius karibu yote imo ndani ya kuta. Roma nzima, himaya iliyofika mpaka Misri na Syria, imetoshea kwenye vyumba vichache vya BBC. Michezo ya umwagaji damu uwanjani huioni. Unaona nyuso za waliokaa kuitazama na kusikia kelele. Yupo Livia akienda kuwakemea wapiganaji kabla ya mchezo kwamba siku hizi wanafanya hila ili wabaki hai, na kwamba anataka thamani ya fedha yake. Niliipenda nikiwa na miaka kumi na tano, bado naipenda.

Mbili za mwisho zilipigwa kwa filamu, nje, kwenye jua la kweli: moja Kenya, nyingine sehemu kubwa India. Hizo unaweza kumwekea mtu aliyezoea picha za leo, asinung'unike.

Jambo moja la rimoti. Picha hizi ni za umbo la TV ya zamani, karibu mraba. TV za sasa zina tabia ya kuivuta ijaze kioo, na Malkia Elizabeth anageuka mnene kama mfanyabiashara wa mkaa. Ingia kwenye mipangilio, iweke nne kwa tatu, uache pembeni pawe peusi.

Ikulu mbili: Roma na London

Anayependa fitina za ikulu ana chaguo kati ya I, Claudius na Elizabeth R, na watu huzichanganya kwa kuwa zote ni watu waliovaa vizuri wakizungumza kwa sauti ya chini. Mimi naziona mbali kabisa.

I, Claudius ni ya familia. Mwandishi wake, Jack Pulman, alizichukua riwaya mbili za Robert Graves akaziandika upya kwa Kiingereza cha mezani: mume anamlalamikia mke, bibi anamsema mjukuu, mtoto anazomewa kwa kigugumizi. Anayesimulia ni Claudius mzee, akiandika kwa siri historia ya jamaa zake, naye Derek Jacobi anamcheza kuanzia kijana anayechekwa hadi mfalme asiyeutaka ufalme. Kwa mtazamaji ambaye Kiingereza ni lugha yake ya tatu, hii ndiyo rahisi kuliko zote nne nyingine. Shangazi aliifuata vizuri hata nilipochoka kutafsiri, kwa sababu nyumba ya namna ile aliijua: mama mkwe mmoja, wajukuu wengi, na urithi haujagawiwa.

Kuna mzaha mdogo uliojificha humo. George Baker, anayemcheza Tiberius, alizaliwa 1931. Siân Phillips, anayemcheza mama yake, alizaliwa 1933. Mtoto ni mkubwa kwa mama kwa miaka miwili, na Brian Blessed, anayemcheza Augustus, baba wa kambo, ni mdogo kuliko wote wawili. Ukishalijua hilo, unabaki kumstaajabia Siân Phillips kila anapomtuma Baker huku na kule na Baker anakwenda. Yumo pia Patrick Stewart akiwa Sejanus, ana nywele, na mtu aliyemzoea kwenye vyombo vya anga za juu atahitaji muda kumtambua.

Na mimi baada ya kuirudia mara nne jicho limerudi kwa mume. Sehemu ya kufa kwa Augustus, kamera inaukaribia uso wa Blessed na haiondoki. Livia anaongea, anaongea tena, kwa upole, kama mke anayemwuguza mumewe. Uso hausogei. Macho yako wazi. Unasubiri apepese, hapepesi, na kuna sekunde fulani, siwezi kukuambia ni ipi, ambapo mtu amekuwa maiti mbele yako bila kufanya lolote. Mara ya kwanza nilikuwa nasikiliza maneno ya Livia, nikapitwa.

Onyo mbili. Usiitazame na watoto: sehemu ya kwanza tu ina wachezaji vifua wazi, na ukifika kwa Caligula, anayechezwa na John Hurt, yapo mambo ya kumtoa mtu mzima sebuleni. Na usiitumie kujibia mtihani wa historia. Sumu zote zile za Livia zinatokana na umbea wa waandishi wa kale, na wanahistoria wengi hawauamini.

Elizabeth R ni ya mtu mmoja, Malkia Elizabeth wa Kwanza wa Uingereza. Sehemu sita, kila moja karibu saa moja na nusu, kila moja na mwandishi wake, kwa hiyo ni kama michezo sita ya jukwaani iliyounganishwa na mwigizaji mmoja. Glenda Jackson alikuwa na miaka ya thelathini na kitu. Alinyoa nywele za mbele ili apate lile paji refu la malkia, akaanza akiwa msichana anayehojiwa kama mhaini na kumaliza akiwa ajuza aliyepakwa poda nyeupe. Mavazi yake yalifuata picha za kuchorwa za wakati wa malkia mwenyewe, na unayasikia kabla hujayaona: vitambaa vinakwaruzana kila anapogeuka.

Tatizo lake ni Kiingereza. Kimepambwa kidogo kwa ladha ya karne ya 16, na siasa haisubiri mtu: nani Mkatoliki, nani Mprotestanti, nani ana haki ya kiti. Ukiingia bila kujua kwamba Mary Stuart wa Uskoti alikatwa kichwa 1587 na kwamba manowari za Hispania zilikuja 1588, utapotea. Na usisubiri bahari. Hizo manowari zinazungumzwa zaidi ya kuonekana, bajeti ilikuwa ya studio.

Mara ya pili jicho langu halikwenda kwa Elizabeth. Lilikwenda kwa William Cecil, mshauri anayechezwa na Ronald Hines. Anazeeka naye, sehemu kwa sehemu, karatasi mkononi, akimsikiliza mwanamke anayekataa kusema ndiyo na kukataa kusema hapana. Yeyote aliyewahi kuwa katibu muhtasi wa bosi asiyetia saini atamwelewa. Lakini nakiri, ukiondoa Cecil na Jackson mwenyewe, zipo dakika nyingi za mabwana wenye ndevu ambao siwatofautishi mpaka leo. Kati ya ikulu hizi mbili naichagua Roma bila kusitasita. Elizabeth R ichukue ukiwa na hamu ya kuona mwigizaji mmoja akifanya kazi. Glenda Jackson, kwa taarifa, aliiacha sanaa akaingia bungeni mwaka 1992, na akakaa huko hadi 2015.

Nyumba yenye milango miwili

Upstairs, Downstairs ndiyo mama wa Downton Abbey, na waliotazama ya binti wataitambua sura: familia tajiri juu, watumishi chini, miaka inapita. Nyumba ni namba 165 Eaton Place, London. Nyumba ya kweli walikopigia picha za nje ilikuwa namba 65. Walichora 1 mbele yake. Wazo lilitoka kwa waigizaji wawili wa kike, Jean Marsh na Eileen Atkins, na Marsh mwenyewe ndiye Rose, kijakazi mkuu.

Hadithi inaanza 1903, msichana anakuja kuomba kazi na kubisha mlango wa mbele. Anaambiwa mlango wake ni ule wa chini, kwenye ngazi za kushukia. Anajitaja kwa jina la Kifaransa, Clémence. Bibi mwenye nyumba, Lady Marjorie, anaona hilo si jina la mtumishi. Anamwita Sarah, na kuanzia hapo ni Sarah.

Usiku tulioitazama kwa shangazi, dada wa kazi alikuwa amesimama mlangoni, taulo la vyombo begani. Alikuwa na kawaida ya kutazama akiwa amesimama, tayari kuitwa. Nilipotafsiri hapo, akacheka kwa sauti.

"Kama mimi," akasema. "Mimi si naitwa Zaina humu? Zaina alikuwa yule aliyenitangulia."

Ni kweli. Watoto wa nyumba walimzoea Zaina wa kwanza, wa pili alipokuja jina likamngoja. Shangazi hakugeuka. Aliniambia niongeze sauti, ingawa maneno yalikuwa ya Kiingereza na yeye alikuwa ananisikiliza mimi.

Ndiyo sababu naiweka hii juu ya Downton kwa wasomaji wa kwetu. Downton ina mabwana wema mno. Kila mtumishi akipata shida, bwana anasikitika naye. Eaton Place haikufichi hesabu. Wakubwa wanaweza kuwa wapole asubuhi na jioni wakamtupa mtu mtaani, na anayelinda mpaka kwa ukali kuliko wote si tajiri, ni Hudson, mkuu wa watumishi, anayechezwa na Gordon Jackson. Mara ya kwanza nilimpenda Rose. Mara ya pili nilimfuata Hudson peke yake, nikaona jinsi anavyowachunga maskini wenzake kwa niaba ya watu wasiojua hata kahawa inawekwa kabati lipi. Nyumba ngapi za Mombasa na Dar zina Hudson wao.

Sehemu 68 ni nyingi. Ni zaidi ya saa 50, na zipo zilizolegea, hasa katika sizoni mbili za kwanza. Mwenye muda mdogo aingie moja kwa moja sizoni ya nne, sehemu 13 zinazobeba Vita ya Kwanza ya Dunia. Kwenye hizo karibu kila mlango ukigongwa unashtuka, maana inaweza kuwa telegramu ya kutoka mstari wa mbele. Hii ndiyo pekee kati ya tano ninayoweza kukuambia uitazame na wazazi na watoto wakubwa pamoja bila kushika rimoti mkononi.

Mbili za makoloni

Hapa ndipo nimekaa muda mrefu kuliko kwingine, na nadhani msomaji wa Kiswahili naye atakaa.

The Flame Trees of Thika inatokana na kumbukumbu za Elspeth Huxley, aliyepelekwa na wazazi wake kwenye shamba karibu na Thika akiwa mtoto, miaka michache tu kabla ya vita ya 1914. Mti wa jina hilo ndio mkifabakazi, ule wa maua mekundu kama makaa. Hayley Mills anamcheza mama, Tilly. David Robb baba, Robin. Na Holly Aird, mtoto mwenyewe. Aliyeandika tamthilia, John Hawkesworth, ndiye aliyekuwa mtayarishaji wa Upstairs, Downstairs. Huyo David Robb ukimtazama vizuri utamkumbuka: ni Germanicus wa I, Claudius, na miaka mingi baadaye ni daktari Clarkson wa Downton. Mtu mmoja kapita Roma, Thika na Yorkshire bila kubadilisha sana uso.

Inapendeza. Mkokoteni wa ng'ombe kwenye nyasi, nyumba ya majani na udongo, kahawa inayopandwa mche kwa mche na watu wasiowahi kupanda kahawa. Mtoto ndiye anayetuongoza, na mtoto hana hatia, kwa hiyo hadithi nzima inapata ule upole wake. Hapo ndipo ninapoanza kujikuna. Kitabu kinasimulia jinsi baba alivyolinunua shamba lile kwenye baa ya Norfolk Hotel, Nairobi. Kununua kwa nani? Sheria ya Ardhi ya Taji ya 1902 ilikwisha kuifanya ardhi ya Wakikuyu kuwa ya kugawiwa na serikali ya mbali. Nchi yenyewe ilikuwa bado haijaitwa koloni la Kenya, jina hilo lilikuja 1920. Hayo humo hayamo, au yamo kama mawingu, nyuma ya mlima.

Lakini irudie. Mara ya pili acha kumtazama Tilly akipanga vyombo vyake vya kaure kwenye kibanda. Mtazame Juma, mtumishi wa nyumbani, na Njombo, na Sammy. Wako karibu kila picha, pembeni, wamesimama na mzigo au wanasubiri. Wazungu wanazungumza juu yao mbele yao. Waigizaji Wakenya waliopewa nafasi hizo walipewa maneno machache, na wakayafanya mengine yote kwa macho. Kuna kutazamana kati ya Juma na Njombo ambako mzungu hayupo, kufumba na kufumbua, na mimi nimekurudisha nyuma mara nyingi kuliko sehemu yoyote ya kifo cha Augustus. Sijui kama mwongozaji aliomba kutazamana huko. Kumo.

The Jewel in the Crown ina ujasiri ambao ile ya Thika haina: inaanza na kosa, na kosa halisahauliki mpaka mwisho. Ni India, Agosti 1942, mji wa kubuni uitwao Mayapore, wakati viongozi wa Congress, chama kilichodai uhuru wa India, wamekamatwa na watu wamo mitaani. Msichana wa Kiingereza, Daphne Manners, anabakwa kwenye bustani ya Bibighar, na mpenzi wake, Hari Kumar, anakamatwa pamoja na vijana wengine. Anayewashika ni Ronald Merrick, afisa wa polisi. Imetokana na riwaya nne za Paul Scott, na inakwenda mpaka 1947, India inapokatwa vipande viwili, India na Pakistan.

Hari, anayechezwa na Art Malik, alipelekwa Uingereza akiwa mdogo sana, akasoma shule za watoto wa wakubwa, baba akafa, fedha zikaisha, akarudishwa India asiyoijua. Ana Kiingereza cha puani kabisa na hana Kihindi. Merrick, Mwingereza, alitoka familia ya kawaida na shule ya kawaida. Siku wanapokutana, Merrick anamsemesha Kiurdu, na anajibiwa kwa Kiingereza kizuri kuliko chake. Tim Pigott-Smith, anayemcheza Merrick, anafanya kitu kidogo sana na taya lake hapo. Sisi tuliosoma chini ya ubao ulioandikwa "Kiingereza tu" tunalijua taya hilo, tumeliona kwa walimu.

Mara ya kwanza kosa la mtazamaji ni kumsubiri Hari. Baada ya sehemu za mwanzo anatoweka, gerezani, na tamthilia inahamia kwa familia ya Wazungu, akina Layton, chai, harusi na vilima vya baridi. Nilikasirika. Anarudishwa mara moja, kwenye mahojiano ndani ya gereza, ambapo bibi mmoja wa Kizungu anasikiliza akiwa amefichwa chumba cha pili. Kisha basi. Mwaka ule ule wa 1984 Salman Rushdie aliandika makala kali dhidi ya wimbi zima la filamu na tamthilia za India ya Waingereza, na lawama yake moja ilikuwa hiyo: Wahindi wamewekwa pembeni katika historia yao wenyewe. Sina la kumpinga.

Ila mara ya pili nilimwacha Hari alipo, nikamfuata Merrick, na nikaona tamthilia ilikuwa yake tangu mwanzo. Anapanda cheo, anapoteza mkono, anazidi kuheshimiwa, na kila chumba anachoingia kuna mtu mmoja anayejua alichokifanya Mayapore na anayechagua kunywa chai. Peggy Ashcroft, akiwa Barbie, mwalimu mstaafu wa misheni, ndiye pekee ninayeweza kusema anavunjika kwa sababu ya kujua. Ana picha ya zamani aliyorithi: Malkia Victoria kakaa kitini, Wahindi wa kila namna wamemzunguka. Kito cha kwenye taji ni India yenyewe, na jina la tamthilia limetoka hapo. Unaiona picha hiyo ikihama mikono, sehemu baada ya sehemu, na watu hawajui waiweke wapi.

Kwa hiyo, Thika au Mayapore? Ukitaka jioni saba tulivu, na uwezo wa kubishana na TV yako, Thika. Kiswahili kinasikika humo, na watoto wakubwa wanaweza kukaa, mradi uwe tayari kujibu wakiuliza shamba lilikuwa la nani. Ukitaka moja tu kati ya hizi tano ya kutazama mara mbili, Mayapore, karibu saa 13, bila watoto, na si kwa mkupuo. Sehemu mbili kwa wiki zinatosha. Nilipozila tatu kwa usiku mmoja nililala vibaya.

Kwa anayeanza leo

Anzia I, Claudius. Si kwa sababu ni bora kuliko Mayapore, bali kwa sababu itakufundisha kutazama picha za studio bila kulalamika, na baada ya sehemu tatu hutaziona kuta tena. Ukishapona ugonjwa wa kuta, sizoni ya nne ya Upstairs, kisha urudi mwanzo wake ukitaka. Mayapore baadaye. Elizabeth R iweke akiba kwa wiki ambayo umeme hauna uhakika: kila sehemu inajitegemea, ukikatika katikati hupotezi uzi wa wiki nzima.

Shangazi sasa amepita miaka themanini na macho yamepungua. Mwaka jana nilimpelekea zote tano kwenye flashi, nikamweleza kama nilivyokueleza wewe, na nikaanza na Thika nikidhani Kiswahili kitampendeza. Alisikiliza sehemu moja na nusu, ameegemea mto. Akasema yule Juma anasema vizuri lakini hawampi nafasi. Kisha akaniomba nimtolee huyo, nimwekee yule bibi wa tini, na nisitafsiri. Atanishtua mwenyewe tukifika kwenye tini.